Mzima kwa Kipimo cha Ukoo

Mashine ilisema mdogo wangu ni mzima. Naye mdogo wangu alikuwa amekaa mbele yangu akichuruzika maji, tope masikioni, kwa sababu asubuhi hiyo alitembea juu ya ukingo wa ndiva yetu, ukingo alioupita tangu utotoni, na pale unapokata kona kushoto yeye akaenda moja kwa moja majini. Ndiva ni bwawa la ukoo la kumwagilia mashamba, na mdogo wangu huyo, Sefania, ndiye msimamizi wake. Yeye hufungua maji, yeye hugawa zamu, yeye huamua ugomvi. Mtu wa namna hiyo hatumbukii ndivani.

Nikampima tena. Jicho la kulia, mzima. Jicho la kushoto, mzima. Taa ya kijani ikawaka bila aibu. Nikaipiga mashine kofi la ubavuni, jambo ambalo msomaji wa macho mwenye cheti hatakiwi kulifanya, na kofi halikubadili kitu.

"Kwa hiyo mimi ni mzima, dada?" Sefania aliuliza.

"Ndivyo inavyosema."

"Na kule ndivani niliingia kuoga?"

Picha ya neva yake ilikuwa hapo kwenye kioo, na hata mtoto angeona kwamba imeliwa: shimo la katikati limepanuka, nyama ya pembeni imebaki utepe mwembamba. Uwanja wake wa kuona ulikuwa umekatwa upande wa kushoto kama mkate uliomegwa. Na chini ya picha hizo zote, kwa herufi kubwa, neno MZIMA. Nilisoma juu, nikasoma chini, nikahisi labda mimi ndiye mgonjwa.

Nieleze kidogo, maana huko mbeleni hata mimi nilipotea. Siku hizi hakuna daktari anayeamua nani anaumwa. Inaamua Fasili. Iko wapi sijui, inakusanya vipimo vya nchi nzima, na kila inapojifunza jambo inabadili maana ya ugonjwa, hivyo unaweza kulala mgonjwa ukaamka mzima bila jicho lako kubadilika hata chembe. Tuliletewa Fasili baada ya zama ambazo waganga waliuza ugonjwa: mwenye nacho aliandikwa mgonjwa akatibiwa, asiye nacho akaambiwa aende akapumzike. Kwa hiyo mimi siitwi daktari. Naitwa msomaji. Nasoma, basi.

Tiba ya glakoma, ugonjwa huo unaokula neva ya jicho, ipo, na ni nzuri. Tunaiita mche. Ni chembe za neva zilizokuzwa maabara, zinapandwa nyuma ya jicho, na zikishika zinatambaa juu ya neva ya zamani mpaka kwenye ubongo, jinsi maharage yanavyotambaa juu ya mhindi. Shida ni kwamba mhindi ukishakauka ukaanguka, maharage hayana pa kupanda. Kwa mwendo niliouona kwenye zile picha, neva ya Sefania isingefika masika. Na mashine ya kupandia mche haifunguki kwa mtu ambaye Fasili imemwita mzima. Nimeijaribu. Ina adabu sana: inakushukuru halafu inajizima.

*

Aliyegundua kilichotokea ni Urasa, mwenzangu kituoni, Mchaga wa Machame na mtani wangu asiyechoka. Aliichukua picha ya Sefania, akafuta jina, akafuta ukoo, akairudisha kwenye mashine. Taa ikawaka nyekundu. MGONJWA. APANDIWE UPESI.

Urasa akacheka. "Unaona? Mdogo wako angekuwa Mchaga angekuwa mgonjwa. Upare wenu ndio unaomponya." Kisha akaniona uso, akaacha kucheka, akavuta kiti.

Tulikaa hapo tukifumua jambo lenyewe. Glakoma imebadilishwa maana mara nyingi kuliko katiba. Wayunani wa kale waliona jicho la kipofu limegeuka rangi ya bahari, wakauita ugonjwa kwa rangi hiyo, na kwa karne nyingi hawakuutofautisha vizuri na mtoto wa jicho. Baadaye watu wakabonyeza jicho kwa kidole, wakakuta ni gumu, wakasema kumbe ni ugumu. Zikaja mashine za kupima presha, ikawekwa namba ishirini na moja, ukiizidi unaumwa, na ndiyo maana bibi zetu hadi leo wanasema presha ya macho. Lakini kulikuwa na watu wenye presha ya juu waliozeeka wakiona sisimizi, na wengine wenye presha ya kawaida kabisa waliopofuka. Basi presha ikashushwa cheo, ikawa sababu ya hatari tu, ugonjwa wenyewe ukawa kufa kwa neva. Zikafuata zama za jeni, ambapo ulikuwa mgonjwa kabla hujazaliwa, na waajiri wakaanza kuchambua watu kama mchele, mpaka sheria ikaja ikafunga jeni za kila mtu kwa lakiri. Hazifunguliwi ila na mahakama kuu, na mahakama kuu haijawahi kufungua.

Baada ya hapo ndipo kikaja kipimo cha ukoo, na nakiri kilikuja kwa nia njema. Neva za watu hazifanani. Kwa miaka mingi macho yetu yalipimwa kwa mizani ya watu wa mbali, wazima wengi wakaandikwa wagonjwa kwa kuwa tu shimo la neva zao ni pana tangu kuzaliwa. Wakasema basi, kila mtu alinganishwe na watu wake. Jeni haziruhusiwi, hivyo wakatumia ukoo wa baba, kwa neno la mzazi. Asiye na ukoo uliopimwa vya kutosha analinganishwa na taifa zima.

Sasa, sisi Wakirumbi, ukoo wangu na Sefania, ni watu watiifu kupita kiasi. Kila mwaka baada ya mavuno tunafanya siku ya kupimana. Wanakuja wa Moshi, wanakuja wa Dodoma, kinachinjwa mbuzi, vinapikwa makande, na hakuna Kirumbi anayeondoka bila kuweka kidevu kwenye mashine. Tumefanya hivyo vizazi vinne. Ukoo wa Urasa hupimwa pale tu kunapokuwa na pombe ya mbege. Fasili ilipotutazama ikaona jambo moja: Kirumbi akikaribia miaka arobaini pembe za macho zinaanza kufa, akifika sitini giza, wengine mapema zaidi. Babu alikuwa hivyo, shangazi zangu hivyo, Baba hivyo. Sisi wenyewe tuliita uzee wa Kirumbi, tena kwa majivuno kidogo. Fasili ikahitimisha kwamba huo si ugonjwa, ndivyo tulivyo.

"Yaani kama mngekuwa wakaidi," Urasa alisema, "mngekuwa mmepona wote."

Kisha akasema lile ambalo afadhali angelimeza. Njia ilikuwepo, halali, imeandikwa. Mzazi akisimama mbele ya ukoo akatoa neno kwamba mtoto si wa ukoo huo, na msomaji akathibitisha kwamba ameamini, mtoto anaondolewa. Anabaki mtu wa taifa tu. Na mtu wa taifa mwenye neva kama ile anapandiwa kesho yake.

*

Nilimweleza Sefania nyumbani, mbele ya Mama, kwa kuwa sikujua namna ya kumwambia mmoja bila mwingine. Mama alikuwa akichambua maharage kwa vidole. Macho yake yalikwisha zamani. Yeye si Kirumbi, ameolewa tu, na kwa ukoo wao Fasili ilimwita mgonjwa tangu mwanzo, ila ilikuwa kabla mche haujavumbuliwa, na matone yalimchelewesha tu. Nilipokuwa nikieleza ndipo nilipoliona lilivyo: Mama alikuwa na ugonjwa akakosa dawa, Sefania ana dawa amekosa ugonjwa. Nikasita katikati ya sentensi, wakanisubiri.

Sefania hakusita. Alisema ameshafungua kesi dhidi ya Baraza la Fasili. Nilijua. Mpare husemwa anaweza kuuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, na mdogo wangu aliuza ng'ombe kweli. Wakamjibu kwamba kesi itasikilizwa kikao kijacho, yaani baada ya miaka mitatu.

"Neva yako haina miaka mitatu," nilisema. "Haina hata miezi sita."

"Basi nitapofuka. Baba alipofuka, akagawa maji ya ndiva mpaka anakufa, kwa masikio tu." Alikuwa mtulivu, na utulivu wake ulinikera. "Dada, mimi nikitolewa kwenye ukoo, ndiva naiacha. Shamba naliacha. Nikifa nazikwa wapi, kituoni kwako? Afadhali nipofuke nikiwa mtoto wa Baba Kirita Kirumbi kuliko kuona nikiwa mtoto wa hakuna."

Nilimwita mjinga. Nikamwambia Baba hakuchagua upofu, ungemwonyesha mche angeukimbilia. Yeye akasema hilo hulijui, na ni kweli sikulijua. Nilikuwa na hasira na sikujua hasira hiyo ni ya nani, ya Sefania, ya Fasili, au ya wazee wangu waliokuwa na bidii ya kupimwa.

Mama aliuliza mambo mawili tu. Mche ukipandwa sasa, utashika? Nikasema kwa Sefania, mara tisa kati ya kumi. Na kama si sasa? Nikasema hakuna baadaye. Akarudi kwenye maharage yake.

Niseme wazi kilichokuwa kwenye mizani, kwa sababu watu wa mjini wanaweza wasielewe. Baba amezikwa migombani, na kando yake kumepangwa mawe kuonyesha nafasi ya Mama. Mwanamke aliyezaa nje ya nyumba, na akalisema mbele ya ukoo, hazikwi hapo. Anarudishwa kwao. Mama alikuwa na kaka zake wawili, wote marehemu, na shamba lao limeshauzwa.

*

Siku ya kupimana ilifika na jua kali. Mashine ilipelekwa uwanjani, watu wakapanga foleni huku wakitaniana, kijani, kijani, kijani, mzee asiyeona sahani yake mwenyewe akishangiliwa kwa uzima. Mimi nilisoma kila jina. Nami ni Kirumbi. Macho yangu, ingawa arobaini nimeshaipita, bado yana pembe zake zote, nayapima mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa.

Kabla ya chakula, baba mdogo Anaeli, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo, akauliza kama kuna mwenye jambo. Mama akanyanyuka, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti.

"Nina neno la mzazi," alisema.

Hilo ni neno la sheria, halitamkwi kwa mzaha.

"Sefania si wa Kirita."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani ambao hajauelewa. Sefania alikuwa amesimama karibu na masufuria, na kila aliyegeuka kumtazama alimwona Baba: masikio yale yaliyochomoza, ule mguu wa kulia unaotangulia kama una haraka peke yake. Ukoo mzima ulikuwa ukimtazama marehemu huku ukiambiwa si wake.

"Mama, kaa chini," Sefania alisema.

"Nitakaa nikimaliza."

Baba mdogo akamuuliza ni wa nani. Mama akajibu ni wa Yonazi, yule mpima barabara aliyepanga kwetu kiangazi kile walipokuwa wakichonga njia ya juu. Alishakufa, msimtafute. Desturi inataka mzazi aulizwe mara tatu, basi akaulizwa mara tatu, na mara zote tatu alijibu kwa sauti ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Wanawake wenzake walikuwa wameinamisha vichwa. Baba mdogo alipomaliza kuuliza hakukaa. Alimsogelea.

"Shemeji," alisema polepole, "unajua pale kwa kaka hapatakuwa pako tena."

"Najua. Kipofu ataulizia mandhari?"

Sefania alikuwa na fimbo ya kupimia maji ya ndiva, hakuiacha hata siku za sherehe. Hakungoja kunyang'anywa. Alimpelekea baba mdogo mkononi, kwa heshima zote, kisha akateremka njia ya chini bila kula. Alipopita kando ya Mama upande wa kushoto aliligonga bega lake. Hakumwona. Mimi nilijua hakumwona, wengine walidhani amekusudia.

*

Uthibitisho ulikuwa wangu. Kwenye kioo kulikuwa na swali moja: Je, wewe msomaji umeamini neno hili kuwa kweli? Ndiyo au hapana. Niliapa siku ya kupewa cheti kwamba kwenye swali hilo sitasema nisiloliamini, na sikuwahi kufikiri ningeulizwa kuhusu kitanda cha mama yangu.

Urasa alinishauri nibonyeze ndiyo. Kama ni uongo, alisema, ni wa mama yako. Nikamwambia nikibonyeza unakuwa wangu. Akasema basi bonyeza hapana umpofushe. Akatoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniachia utani wowote.

Nilijaribu kufikiri kama msomaji. Masikio yanasema ni uongo. Mguu unasema ni uongo. Lakini Yonazi alikuwepo kweli, namkumbuka, alinichongea gari la mti. Alikaa kwetu kiangazi kizima, na Baba mwaka ule alikuwa kibaruani Tanga, alirudi lini sikumbuki. Nilikuwa na miaka sita. Nikajaribu kukumbuka Mama alivyokuwa akicheka kiangazi kile, nikaona aibu, nikaacha. Kila nilichokishika kiligeuka mkononi.

Nikaenda kumuuliza. Alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo, anazitambua kwa harufu kila moja ya nani.

"Mama, ni kweli?"

Alikunja shati la Sefania vizuri kabla ya kunijibu.

"Unauliza kama binti yangu au kama serikali?"

"Sijui."

"Ukishajua njoo uniulize."

Sikujua, na mpaka leo sijajua. Ningemuuliza kama serikali angesema ni kweli, sina shaka. Ningemuuliza kama binti, naogopa majibu yote mawili. Kama alidanganya, ameuza kaburi lake na jina lake kwa macho ya mtu ambaye hakuyaomba. Kama alisema kweli, basi alikuwa ameibeba miaka yote ile akiwa ndani ya nyumba nasi, na upofu wa Sefania ndio uliomtoa nayo. Nilirudi kituoni. Nikabonyeza ndiyo. Mashine ikanishukuru.

*

Ungetegemea Sefania akatae mche. Hata mimi nilitegemea. Lakini alikuja mwenyewe, akalala kwenye kiti, akasema ameshalipia bei, hawezi kuacha na mzigo pia. Urasa ndiye aliyempandia. Mche ulishika. Kabla masika hayajaanza pembe ya kushoto ilikuwa imerudi karibu yote, na Fasili, ambayo sasa ilimjua kama mtu wa taifa tu, ilimwandika mgonjwa aliyepona. Wiki hiyohiyo lilitoka tangazo kwamba kipimo cha ukoo kitaangaliwa upya. Halikusema lini.

Sefania alihamia Mwanga mjini. Alipata kazi kwenye mabomba ya maji, ambako maji yanagawanywa na mashine na hakuna wa kugombana naye. Mama alihamia kwangu, kwenye nyumba ya kituo. Hakuna aliyemfukuza kwa Wakirumbi, ila watu walianza kumsalimia haraka, na yeye husikia haraka hizo kuliko mtu yeyote.

Jumapili moja Sefania alipanda mlimani kwa kipimo cha mwisho. Nilimwomba aje kula, sikumwambia kwamba Mama sasa anakaa kwangu, na Mama sikumwambia Sefania atakuja. Ujinga wangu. Aliingia, akaisikia sauti ya Mama ikimwambia karibu mwanangu, akamwamkia kama anavyomwamkia mama yeyote, akakaa karibu na mlango. Tulikula. Alizungumza nami tu, habari za mabomba, habari za nauli. Kifaranga kikapita nyuma ya kiti chake upande wa kushoto, naye bila kugeuza kichwa akasogeza mguu kukipisha. Nilitaka kulia kwa furaha na nilitaka kumpiga.

Mama alikuwa ameacha kula. Alikuwa amegeuzia uso kule sauti ya Sefania ilikotoka. Sefania aliposimama kunawa mikono, Mama alinisogelea, akaninong'oneza, ila minong'ono ya wazee haina siri.

"Namkunda, ananitazama?"

Sefania alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umetugeukia, akitazama barabara. Alisikia. Nilimwona bega likitulia. Nilingoja ageuke, hata kidogo, pembe ya jicho moja ingetosha, ile ile ya kushoto tuliyomnunulia.

"Ndiyo, Mama," nilisema. "Anakutazama."

Mama akaitengeneza kanga yake begani, akajifuta mdomo, akakaa wima.